Nguvu za Ujana Hazingoji Meli

Msyuuu! Nasonya mbele za watu na siombi radhi. Haipiti siku pale kijiweni kwetu kwa kahawa bila mtu kusema vijana wa leo wavivu. Anayesema kaegemea ukuta, miguu kainyoosha, saa nne ya asubuhi. Anayesemwa ni mvulana aliyeamka alfajiri kwenda Deep Sea kubeba ndoo za samaki, akapita soko la Mgandini kuulizia mzigo wa kushusha, akakosa, akarudi mtaani. Mvivu ndiye huyo? Jamani, tumwogope Mungu.

Mimi nasema hivi, na yeyote wa Ngamiani hapa Tanga, kuanzia barabara ya kwanza hadi ya mwisho, aje tubishane: kijana asiye na nguvu hatunaye hapa. Tuliye naye ni kijana ambaye nguvu zake hakuna aliyeziomba. Na nguvu za mtu wa miaka 18 hazikai bure. Asipoziomba fundi, ataziomba mwenye kibanda cha kubeti. Asipoziomba kocha, ataziomba muuza unga. Wote hao wakichelewa, ataziomba mgombea wakati wa kampeni, ampe fulana na elfu tano, ampandishe juu ya lori akapige kelele hadi magharibi. Anayewahi ndiye anayezipata. Sisi wenye vikombe vya kahawa tunachelewa kila siku, kisha tunageuka na kusema watoto hawana maana. Ugomvi wangu uko hapo.

Hebu tazameni mwaka wa kwanza wa utu uzima unavyoanza kwetu. Mtoto amepigiwa kengele miaka 11, saba ya msingi na minne ya sekondari. Kengele ya mstarini, ya kipindi, ya mapumziko, ya kwenda nyumbani. Hakuna siku aliyoulizwa, mwanangu, leo ungependa kuanzia wapi? Novemba anafanya mtihani wa kidato cha nne, wenzake wanamwandikia majina kwenye shati, anarudi nyumbani. Kesho yake kengele haipigwi. Matokeo hadi Januari. Hapo katikati hakuna mtu, awe mzazi, serikali, msikiti au kanisa, aliyemwandalia hata wiki moja. Akifaulu atapangiwa shule au chuo na kengele itaendelea. Asipofaulu, na kila mmoja wetu anazijua nyumba hizo, ile miezi miwili inageuka miaka mitano, na damu ndiyo kwanza inachemka.

Wazee wetu, Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju, hawakuliacha pengo hilo wazi. Mvulana aliingia kumbini, akatoka ana kungwi, yaani mtu mzima asiye baba yake, mwenye haki ya kumuuliza maswali na kumkemea hadharani. Siku hizi tohara inafanyika hospitali mtoto angali mdogo, na kwa afya ni jambo jema. Lakini lile darasa la kumbini halikuhamia hospitali. Siombi viboko virudi. Namtaka yule mtu wa pili, kwa sababu baba akisema mtoto husikia ugomvi, na mtu wa pili akisema yale yale mtoto husikia shauri.

Mtu atanijibu, JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ipo. Ni kweli, ipo tangu 1963, na mkoa wetu una kambi za Maramba na Mgambo. Lakini mafunzo ya mujibu wa sheria, yaliyosimamishwa 1994 na kurejeshwa 2013, ni ya waliomaliza kidato cha sita. Aliyeishia cha nne, ambaye ndiye amejaa mitaani kwetu, anategemea zile nafasi za kujitolea, na zinagombewa na nchi nzima.

Halafu kuna ugonjwa ambao ni wetu hasa sisi watu wa Tanga. Mji huu umefundisha vizazi na vizazi kungoja kitu kikubwa kinachokuja kutoka mbali. Ulianza na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikokwe kule Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya nchi yetu iongoze duniani, na mwaka 1964 tukavuna zaidi ya tani 230,000. Watu waliletwa kutoka Songea, Iringa, Kigoma, wengine walivuka kutoka Msumbiji, wakaitwa manamba. Ndiyo maana ukigonga hodi Ngamiani hujui utaitikiwa kwa lafudhi gani. Kijana wa wakati ule hakuhitaji kuwaza nguvu zake azipeleke wapi. Shamba lilikuwa linazingoja, na lilizimaliza.

Ikaja kamba ya nailoni, bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na kufika miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata sehemu ya tano ya yale ya 1964. Miaka ya 1970 tulipata kiwanda cha mbolea na vingine kando yake, na wazazi wakawaambia watoto wao, subiri kidogo, utaingia kiwandani. Miaka ya 1990 kiwanda cha mbolea kikawa kimya. Waliosubiri wakajikuta watu wazima, na mkononi hawana kitu zaidi ya kusubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakatokea vijana wa hapa hapa, kundi la Wagosi wa Kaya, yaani Mkoloni na Dr. John, wakauliza kwa sauti kubwa katika wimbo wao Tanga Kunani kilichousibu mji wao. Nchi nzima ikawasikiliza. Mimi nilichowapendea ni kwamba wale hawakungoja kiwanda kifunguliwe ndipo wapate cha kufanya. Uchungu wenyewe waliugeuza kazi, wakaandika, wakarudia, wakaingia studio.

Sasa tunangoja bomba. Agosti 2017 jiwe la msingi liliwekwa hapa kwetu Chongoleani, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Aliyekuwa na miaka 18 siku ile leo ana watoto. Na bandari nayo imechimbwa, kina kutoka mita 3 hadi 13, gati la mita 450, kazi iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 429. Meli zilizokuwa zikitia nanga mbali huku mzigo unashushwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Nafurahi, na nani wa Tanga asifurahi? Lakini bandari hii haitaki mabega peke yake kama ile ya babu zetu. Inataka mwendesha kreni, fundi umeme, fundi wa kuchomelea mwenye cheti, karani anayeujua mfumo wa forodha kwenye kompyuta. Meli ikifunga gati inamchukua aliyekwisha kuwa mtu wa kazi fulani. Aliyekaa ukutani akiitazama ikiingia ataitazama pia ikitoka, na mzigo utashushwa na mtu aliyetoka Dar es Salaam jana.

Pale kijiweni nilipowaambia haya, mzee mmoja akaniuliza, kwa hiyo mtoto afanye nini kabla kazi ya moyo wake haijaja? Nikamjibu kwa mtu wa hapa hapa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini kidogo ya mji huu, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926, akiwa na miaka 17, akaingia ukarani wa forodha. Hebu fikirini kazi yenyewe: mizigo, ushuru, madaftari, wakubwa wa kikoloni. Alikaa humo hadi 1944, akihamishwa kituo hiki na kile, Pangani ikiwemo, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali, na miaka ya mwisho alikuwa hapa Tanga katika ofisi ya upimaji ardhi. Hakuna hata moja kati ya ofisi hizo iliyomwajiri atunge mashairi. Mchana aliandika hesabu za watu, na saa zilizobaki akaandika ya kwake. Kusadikika kilitoka 1951, Adili na Nduguze 1952, na alipofariki 1962, akiwa na miaka 53 tu, alikuwa ameacha maandishi yanayosomwa mpaka leo kila penye Kiswahili.

Watu husema, aah, yule alikuwa na kipaji. Sawa. Lakini karani wa miaka 17 mwenye kipaji angeweza vile vile kukaa barazani akilalamika kwamba forodha si mahali pake. Yeye aliichukua kazi iliyokuwepo, ikampa mshahara, ikampa saa ya kuamka na saa ya kutoka, na ndani ya saa hizo akajipatia nafasi ya kile alichokitaka. Jambo jingine, alipojiwa na fikra za watoto wake watakavyoingia ukubwani alitunga tenzi mbili za mawaidha, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Tuseme ukweli, wangapi hapa tumewahi kukaa na mtoto jioni moja, bila utenzi, kwa mdomo tu, tukamweleza namna ya kuanza?

Na kipaji nacho kinataka mahali pa kupokelewa. Ndugu wawili wa hapa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz Band ya mji huu miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakaenda Arusha, 1971 wakavuka Kenya, na bendi yao ya Simba Wanyika ikatikisa Afrika Mashariki nzima. Kabla ya Nairobi kulikuwa na Tanga. Kulikuwa na bendi yenye vyombo, yenye saa ya mazoezi, yenye wakubwa wa kukwambia hapo umekosea, rudia. Kadhalika mpira. Coastal Union ya barabara ya 11 ilichukua ubingwa wa Bara 1988, na waliokuwepo wanajua kwamba kila mchezaji uwanjani alikuwa na vijana wengine kumi nyuma yake, anayebeba mipira, anayefua jezi, anayesimama mlangoni Mkwakwani. Saa kumi jioni kila mmoja alikuwa na mahali pa kuwa na mtu wa kumuuliza jana ulikuwa wapi. Leo viwanja vingapi vya mtaani vimegeuka fremu za maduka?

Nije kwenye kile ninachokiona kwa macho yangu. Mtaani kwetu yuko fundi baiskeli, mtu mzima, anakaa chini ya mwarobaini na karai la maji na sanduku la spana. Mji wetu ni wa baiskeli, kazi haimwishi. Siku moja kijana akaleta pancha, hana hela ya kulipa. Fundi akamwambia, basi shika hapa. Akashika. Akaambiwa rudi kesho. Wiki za mwanzo alikuwa wa pancha tu: jaza tyubu upepo, zamisha kwenye karai, zungusha polepole mpaka uone mapovu, weka alama, kausha, piga msasa, paka gundi, ngoja ikauke. Hapo kwenye kungoja gundi ndipo vijana wengi wanaposhindwa. Wanabandika ikiwa mbichi, kiraka kinaachia njiani kule Chumbageni, mteja anarudi kwa hasira. Yule kijana alirudishiwa kiraka mara nyingi mpaka akajifunza kungoja.

Halafu akapewa ringi iliyopinda. Nilikuwepo, nikakaa kutazama. Gurudumu la nyuma la baiskeli za kizamani lina spoku 40, la mbele 32. Fundi aliigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu, akasogeza msumari karibu na ringi. Sehemu moja ikakwaruza, krrr. Akamwambia kijana, umesikia? Hapo imelala upande huu, kaza spoku ya upande wa pili robo mzunguko, na ya upande huu legeza kidogo. Kijana akakaza kwa nguvu zake zote. Gurudumu likapinda zaidi. Fundi hakumtukana. Akasema, mjukuu wangu, robo nimesema, nguvu unazo nyingi, zipe kipimo. Kijana akalegeza, akaanza upya. Ilikaribia adhuhuri ndipo lilipozunguka bila kugusa msumari, na akalizungusha tena na tena, hataki kuliacha.

Lile gurudumu lilimjibu. Alipokosea lilimwonyesha amekosea wapi, alipopatia lilimwonyesha. Nguvu za kijana zinapata njia pale zinapokutana na kitu kinachojibu. Sasa linganisheni na mkeka wa kubeti. Nawaheshimu wanaobeti kwa jambo moja, bidii. Kijana aliyeitwa hana akili darasani anajua kipa wa timu ya daraja la pili Ureno kaumia goti, anajua nani ana kadi tatu, anakokotoa odi kichwani kuliko karani wa benki. Anasoma kuliko alivyosomea mtihani wa taifa. Nguvu zile! Usiku timu moja inasawazisha dakika ya 90, mkeka umechanika, na asubuhi hajui alichokosea kwa sababu hakukosea kitu chochote cha kurekebisha. Anaweka elfu moja nyingine. Mwaka mzima wa akili ya namna ile, na mkono wake haujui kitu ambacho haukukijua mwaka jana. Hapo nasonya mpaka mate yananikauka.

Bodaboda je? Ni kazi halali na imeokoa nyumba nyingi, simkejeli mtu. Lakini mara nyingi pikipiki ni ya mtu mwingine. Hesabu ikiwa shilingi 8,000 kwa siku, kwa siku sita ni 48,000, uwe umepata abiria au hukupata, mvua imenyesha au haikunyesha. Wenye mkataba hulipa hivyo mpaka chombo kiwe chao, na kikishakuwa chao kimechoka. Siwaambii waache. Nawaambia wajiulize swali moja ambalo ningependa liandikwe kila kijiwe cha bodaboda mjini hapa: mwaka ukiisha, nitakuwa najua nini ambacho leo sikijui? Namjua dereva mmoja aliyejibu swali hilo kwa kukaa kwa fundi wa injini kila Jumapili, anaosha vipuri kwenye petroli, anauliza kila kimoja kinafanya nini. Leo pikipiki yake haimlazi njiani, na wenzake humletea zao.

Na wasichana? Tukisema vijana pale kijiweni tunawafikiria wavulana peke yao, na hilo ni kosa kubwa. Msichana wa Ngamiani hana nafasi ya kuegemea ukuta. Tangu ana miaka kumi anaosha vyombo, anabeba mdogo wake, anamenya mihogo ya mama, anakaa barazani na karai la kachori na katlesi mpaka usiku. Nguvu zake zina waombaji wengi mno, na hakuna hata mmoja anayemuuliza yeye anakwenda wapi. Akimaliza shule, shangazi wa Dar es Salaam anataka wa kumlelea mtoto. Au anatokea wakala, anamkatia tiketi ya Maskati kwenda kazi za ndani. Wapo waliorudi wakajenga, nawapongeza kwa moyo wote. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania katika kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na mle mna pasipoti zilizozuiwa, mishahara isiyolipwa, na siku za kazi zisizo na mwisho. Nguvu za binti wa miaka 20 zimekwenda katika jiko la mtu, na akirudi anaanza pale alipoachia.

Nimemwona mama mmoja wa mihogo akifanya lililo sawa, na nataka wengine wamwige. Binti yake alipomaliza kidato cha nne hakumwambia tu nisaidie. Alimwambia, siku ya Ijumaa karai ni lako. Akamkopesha mtaji wa siku moja, muhogo, mafuta, mkaa, chumvi, pilipili na ndimu, akamnunulia daftari, akamwambia kila senti iandikwe, na jioni unirudishie changu, kilichobaki ni chako. Ijumaa ya kwanza binti akapata hasara, kwa kuwa alikatia watu vipande vikubwa kwa haya. Mama hakumfidia. Ijumaa ya pili vipande vikapungua. Baadaye binti akagundua kutoka kwenye lile daftari kwamba mafuta ndiyo yanayokula faida, akaanza kununua na jirani dumu moja wakagawana. Shuleni alisoma hesabu za biashara na akafeli. Kwenye karai amefaulu, kwa sababu lilikuwa lake na kosa lilikuwa lake.

Wako pia wale ambao nguvu zinawapeleka majini, mabaharia wa kuzamia. Pwani yote inawajua. Mwandishi Sean Christie alitoa kitabu kizima mwaka 2016 kuhusu vijana wa Kitanzania wanaolala chini ya barabara za juu Cape Town, wakivizia meli ya kujificha. Mtu anayeweza kuvuka nchi zote zile kwa miguu na malori, akakaa siku kadhaa gizani chini ya sitaha na maji kidogo, huyo ana subira na ujasiri ambao mwajiri yeyote angeulipia. Tulikuwa naye hapa. Hatukumpa cha kufanya, akaenda kutoa roho yake kwa meli isiyomtaka.

Nije kwenye pesa, maana kila mazungumzo ya vijana huishia kwenye mtaji. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 ilisimamishwa baada ya fedha kupotelea kwenye vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mimi naiunga mkono, ila nasema wazi: vijana watano wasiojua kazi yoyote, ukiwapa milioni, unabaki na vijana watano wasiojua kazi, na deni. Mkopo ungetangulizwa na mwaka mmoja kwa fundi, na fundi mwenyewe akawa mdhamini wa tabia, fedha nyingi zingerudi.

Kijana wangu unayesoma haya, wanakwambia utafute kwanza kile unachokipenda. Umri wako huo hujaonja vya kutosha kujua unachokipenda. Tafuta mtu anayejua kitu na atakayekubali usimame karibu naye. Cherehani, mashine ya kuchomelea, jahazi, ng'ombe wa maziwa, friji mbovu, chochote. Vumilia kile kipindi cha pancha, ambacho hakuna anayekusifu na rafiki zako wana simu mpya. Ukiona baada ya mwaka hapakufai, ondoka kwa adabu na uende kwa mwingine. Hutaondoka mikono mitupu.

Na wewe fundi wa Ngamiani, unayelalamika huna msaidizi wa maana, mchukue mmoja. Usimfanye wa kutumwa sigara. Mpe chakula cha mchana na nauli, mpe kazi inayoonekana, na mwonyeshe alipokosea. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: aliyejifunza chini ya mti anapimwa, anaongezewa alichopungukiwa, anapewa cheti kinachotambulika bandarini na kwingineko. Wana chuo hapa hapa Tanga. Mpeleke akaulize wiki hii, kabla mgombea hajaja na fulana zake.